Dukicha na Chupa Isiyo na Rangi

Assalaam alaykum, wazee wetu, kina mama mlio upande wa pili wa turubai, majirani wa Garsen, wageni kutoka Bangale, Idsowe na Chara, pamoja na nyinyi wa Kampuni mliokalia viti vya mbele ambavyo mlivileta wenyewe, naitwa Issack Nuh, ndugu mdogo wa marehemu, baba mmoja mama mmoja, na familia imenituma niwasomee maisha ya kaka yangu Dukicha Nuh, tuliyemzika juzi Jumatano alasiri hapa Garsen. Kwetu Waorma mtu huzikwa haraka na hakuna anayesimama kaburini na karatasi, ndiyo maana tumengoja hitima ya leo, Ijumaa tarehe 16 Mei 2025, na kusema kweli tusingesoma chochote, dua ingetosha, lakini Kampuni imetuletea historia yake yenyewe, imechapishwa kwa rangi, ina picha ya marehemu amevaa kofia ngumu aliyoazimwa siku ya kupigwa picha na kunyang'anywa siku hiyo hiyo, na inasema alizaliwa Hola, akafanya kazi kwa uaminifu, kisha akastaafu kwa hiari. Alizaliwa Bangale, hakustaafu bali alitolewa getini ameshikwa mikono na askari wawili, na hilo la uaminifu ndilo la kweli peke yake, ingawa aliyeliandika hakujua anachosema. Vijitabu hivyo viko pale karibu na masufuria, kina mama wameshaanza kuwashia moto, na waendelee.

Najua pia kwamba nusu yenu mmekuja kula wali wa mtu mnayeamini ndiye aliyeua samaki wa Chara mwezi wa Novemba 2021, mmenawa mikono, mmekaa, mmeinamisha vichwa, na mioyoni mmebaki na maneno yenu yale yale. Nitafika huko, kila jambo lina mahali pake katika historia ya marehemu, na shemeji yangu Gumato, ambaye yuko eda na ananisikia kupitia dirisha hili, aliniomba jambo moja tu, nisiruke hatua. Hatua moja nimeiruka kwa miaka mitatu na nusu. Leo nitaisoma, na Injinia Fahad, nakuona unatazama saa, kaa tu, gari lako limezibwa na lori la watu wa Bangale na dereva wake amekwenda msikitini.

Dukicha Nuh alizaliwa tarehe 1 Julai 1974 kwa mujibu wa kitambulisho, tarehe ambayo walizaliwa pia Waorma wote waliosimama kwenye foleni ya vitambulisho asubuhi ile, kwa sababu karani alikuwa na meza, mwavuli na haraka, wala hakuona haja ya kumuuliza mtu mmoja mmoja. Mama yetu, Mungu amrehemu, alisema ulikuwa wakati wa masika, visima vimejaa, katika manyata iliyokuwa mashariki ya Bangale, na kati ya karani na mama mimi namwamini mama. Alikuwa mtoto wa kwanza wa mzee Nuh, mfugaji, na mimi ni wa tano na wa mwisho, nilizaliwa mwaka 1988, kwa hiyo mgongo ulionibeba nikiwa mdogo, tukihama kutoka malisho haya kwenda yale, ni huo tuliouzika juzi.

Aliingia shule ya msingi huko huko Bangale Januari 1983, akiwa mkubwa kuliko dawati, akatolewa mara mbili kufuata ng'ombe wakati wa ukame na akarudi mara mbili, akafanya mtihani wa darasa la nane Novemba 1991 na kupata nafasi ya sekondari ambayo hakuitumia, maana ukame wa mwaka uliofuata ulimaliza mifugo, na mwezi wa Februari 1993 familia ikahamia hapa Garsen. Elimu yake iliishia hapo, kwa maneno ya sisi tuliosoma, na mimi ni mmoja wa hao wasomi, nina stashahada ya kemia kutoka chuo kimoja cha Mombasa, niliyoipata kwa sababu ng'ombe wake wawili aliojikusanyia upya waliuzwa ili nisome. Lakini kuna somo alilopewa na baba kisimani ambalo mimi sikulipata chuoni, nalo ni kwamba mwenye zamu ya kuteka huinama akanusa maji, huonja kiganja kimoja, husubiri kidogo, ndipo huita ng'ombe, na akiwa na shaka huteka tena chombo cha pili, wala haoni haya ng'ombe mia mbili wakilia na wenye ng'ombe wakimtukana. Dukicha alishika zamu hiyo tangu ana miaka kumi na miwili, kila likizo, na baba alisema hakuna ng'ombe aliyewahi kuumwa tumbo mikononi mwake.

Alhamisi tarehe 14 Juni 2001 alimuoa Gumato hapa Garsen, na Mwenyezi Mungu akawajalia watoto watatu, Abdia aliyezaliwa tarehe 3 Mei 2002, ambaye sasa ana mji wake Bangale, Nuh aliyezaliwa tarehe 19 Septemba 2005, na Nasteha aliyezaliwa tarehe 8 Machi 2009, ambaye ndiye aliyeandika kwa mkono wake tarehe zote ninazowasomea, kwa hati nzuri kuliko yangu. Nyumba yao ilikuwa na vyumba viwili na kelele za vyumba sita, Gumato akimtania kwamba ameolewa na mtu anayenusa hata chai kabla ya kuinywa, na yeye akijibu kwamba chai yake huwa anainusa kwa raha, si kwa shaka. Nimeambiwa niwaombe radhi wazee kwa kusoma sentensi hiyo, ni ya Nasteha, nami sikuona sababu ya kuifuta.

Kazi yake ya kwanza ya kuandikiwa barua ilikuwa Idsowe, Januari 2003, katika mradi wa maji wa kijiji, na kazi yenyewe ilikuwa kutia klorini kwenye tangi la maji ya kunywa na kuipima. Niwaeleze jinsi inavyopimwa, maana maisha ya kaka yangu yote yamo ndani ya chupa hiyo, unachukua chupa ndogo ya kioo, unatia maji, unatia poda kidogo, unatikisa, na kama maji yana klorini yanageuka pinki, kadiri klorini ilivyo nyingi ndivyo pinki inavyokolea, kisha unalinganisha na kadi ya rangi na kuandika namba. Maji yasiyo na klorini hayabadiliki, yanabaki bila rangi, na hapo unaandika sifuri. Sasa sikilizeni, na hasa nyinyi wa viti vya mbele, klorini ikizidi sana, ikizidi kupita kiasi, inaila ile rangi yenyewe, chupa inamulika pinki kwa sekunde moja halafu inarudi kuwa haina rangi kabisa, na mtu asiye na habari akiitazama ataapa kwamba maji hayana kitu.

Dukicha aliijua siri hiyo kwa kosa lake mwenyewe, Agosti 2004, alipomimina tangini mkebe mzima badala ya vijiko vyake, akapima, akaona chupa haina rangi, na alikuwa ameshika mkebe wa pili mkononi ili aongeze pale mama mmoja wa Kipokomo alipomwambia, "We Dukicha, hii maji yako yanuka choo cha hospitali." Akanusa, akaweka mkebe chini, akachanganya fungu moja la maji yale na mafungu tisa ya maji safi katika chupa ya pili, akatia poda, na chupa ikawa nyekundu. Alilimwaga tangi lote siku hiyo, Idsowe nzima ikateka mtoni ikimlaani, naye akasimama pale pale akawaambia kosa ni lake, na tangu hapo hakuandika sifuri hata mara moja bila kupima chupa ya pili. Mtu mwenye darasa la nane alikosea, akakiri siku hiyo hiyo, akajirekebisha maisha yake yote, nanyi muendelee kukumbuka hivyo nikifika kwa mwenye stashahada.

Tarehe 4 Aprili 2011 aliajiriwa na Kampuni katika kituo cha umeme wa mafuta kule kati ya Chara na Kipini, jina lake silitaji kwa sababu hitima si mahali pa matangazo, kwanza kama mbeba mapipa, na kuanzia Januari 2012 kama mpimaji kwenye mdomo wa bomba la kutolea maji. Mitambo ile hupozwa kwa maji ya mto, na kome na ukoga hupenda sana kuota ndani ya mabomba, kwa hiyo Kampuni hutia klorini kuviua, na ni haki yake, lakini maji yakishapoza mitambo hurudi mtoni, kwa samaki, kwa mashamba na kwa ng'ombe, kwa hiyo klorini iliyobaki haipaswi kuzidi sifuri nukta mbili, miligramu kwa lita. Kampuni ilinunua mashine ya kupimia yenye kioo kinachowaka, ikaifunga mdomoni mwa bomba kwa sherehe na soda, mashine ikafa kwa chumvi ya bahari inayopanda mtoni baada ya miezi minne, nayo ikaachwa inawaka kwa ajili ya wageni, ikisoma sifuri nukta moja jua likiwaka, sifuri nukta moja mvua ikinyesha, na sifuri nukta moja hata wiki ile mitambo yote ilipozimwa na bomba likawa limekauka. Chini yake palibandikwa tangazo kubwa la Usalama Kwanza, na chini ya tangazo alikaa Dukicha juu ya ndoo iliyopinduliwa, na chupa zake, akifanya kazi ambayo ile mashine ilikuwa inapongezwa kwayo.

Mimi niliajiriwa pale Oktoba 2012, katika maabara yenye kiyoyozi, kwa maneno ambayo kaka yangu aliniombea kwa meneja wa wakati ule, na kazi yangu ilikuwa kupokea chupa ya kila asubuhi kutoka kwa wapimaji, kuithibitisha, kuandika namba katika daftari la vipimo na kutia saini, kisha mpimaji naye anatia saini kando yangu. Kwa miaka tisa nilitia saini karibu na jina la kaka yangu na nikawa naona haya kidogo, niseme ukweli, kwa jinsi alivyoandika herufi kubwa kubwa za shule ya msingi, na kwa jinsi alivyonusa kila chupa mbele ya wenzangu. Injinia Fahad, aliyekuja kuwa meneja mwaka 2019, mtu ambaye viatu vyake havijawahi kufika mdomoni mwa lile bomba, alikuwa akimwita Daktari wa Pua, na mimi nilicheka kila mara, si kwa sababu ilichekesha.

Karatasi ya Nasteha inasema hapa, mwaka 2021 baba aliacha kazi, basi, na ameandika hivyo kwa adabu, kwa sababu hajawahi kuambiwa zaidi. Kuanzia hapa nasoma karatasi yangu.

Jumanne tarehe 9 Novemba 2021, saa mbili asubuhi, Dukicha aliingia maabara akikohoa, ameshika chupa, akasema, "Issack, hii maji mbaya, imeshika rangi ikaachia, weka chupa ya pili." Wageni wa kutoka Nairobi walikuwa wanatarajiwa saa nne, Injinia Fahad alikuwa amesimama mlangoni na tai yake, akauliza, "Mzee, bado unanusa maji kama ng'ombe?" na kaka yangu akajibu kwa utulivu, "Nanusa, Injinia, na hii siwezi kumpa hata ng'ombe wa adui yangu." Mimi nilitia poda, nikatikisa, nikaona ile sekunde moja ya pinki ikija na kupotea, nikaiona kwa macho haya, na badala ya kuchanganya chupa ya pili, kazi ya dakika tatu, nikamtazama Injinia, nikatabasamu, nikasema, "Kaka, hapa si kisimani," nikaandika sifuri, nikatia saini. Dukicha alikataa kutia saini yake. Alitoka, akaenda moja kwa moja kwenye chumba cha klorini, ambako pampu ilikuwa imekwama wazi tangu alfajiri na hewa yake inachoma macho, akaanza kuifunga ile koki kubwa kwa mikono, na askari wakamkuta hapo, wakamtoa getini kwa kosa la kugusa mitambo bila idhini, koki ikiwa imefungwa robo tu.

Mnasema hapo ni ujinga, kijana hakujua. Ngojeni. Saa tatu na dakika kumi, baada ya kaka yangu kutupwa nje, chupa yake ilibaki mezani, nami nilikuwa na Metrine, mtunza vifaa wa maabara, ambaye yuko hapa leo amejifunga leso ya kijani, na nadhani ilikuwa haya tu, sijui, nilichukua fungu moja nikalichanganya na mafungu tisa. Ikawa nyekundu. Nilipima mbili nukta nne, zidisha mara kumi, ishirini na nne, yaani mara mia na ishirini ya kinachoruhusiwa, na maji hayo yalikuwa yanakwenda mtoni wakati huo huo ninapoyahesabu. Metrine akasema, "Issack, andika, kisha upige simu," na mimi nikaimwaga chupa kwenye sinki, nikaisuuza, nikamwambia wageni wako njiani. Pampu ilizimwa saa sita mchana, si kwa sababu ya kipimo chochote, bali kwa sababu samaki walianza kuelea mbele ya wageni na mmoja wao akauliza ni kitu gani kile cheupe.

Kamati ilikaa Jumatatu tarehe 22 Novemba, watu saba, chupa saba za maji ya dukani, na kitu pekee walichotaka kujua ni nani wa kumtwika kosa. Askari walisema walimkuta Dukicha ameshika koki. Kamati ikaniuliza mimi, mtaalamu, maji yalisomaje kabla hajaigusa, nikafungua daftari, nikasema sifuri. Mnaona ilivyokaa vizuri, kabla ya mkono wake sifuri, baada ya mkono wake samaki wamekufa, kwa hiyo alikuwa anaifungulia, mtu aliyechoma mapafu yake akiifunga. Yeye alikuwa amekaa mbele yangu, alihisi kwamba nisingeacha kuipima ile chupa baadaye, alinifahamu tangu nikiwa mgongoni, na alipoulizwa kama ana la kusema alisema tu, "Maji ilikuwa mbaya nilipoikuta," hakunitaja. Wiki mbili baadaye mimi nilipandishwa cheo nikawa msimamizi wa maabara, na nikakipokea.

Wavuvi wa Chara waligawiwa fulana za bluu zilizoandikwa Linda Mto Wetu, na ninaona moja hapo nyuma, imepauka, na aliyeivaa anajua samaki wake hawajarudi kama zamani. Sina la kuwalaumu nyinyi wa Chara kwa kumchukia mtu mliyeonyeshwa kidole, lakini nyinyi wa Garsen, mliomfahamu kwa miaka ishirini na minane, nawadharau, ingawa kidogo kuliko ninavyojidharau. Alinunua mkokoteni na punda, akaanza kuuza maji ya kisima kwa madebe, na mkawa mnamrudisha mlangoni, mnasema maji ya Dukicha hatunywi, kuna mama mmoja alinunua debe ili alimwage mbele yake, na shuleni Nasteha akaitwa mtoto wa sumu kutoka darasa la saba mpaka la nane. Yeye aliendelea kunusa kila debe kabla ya kulipakia, hata yale aliyojua hakuna atakayeyanunua. Na mimi nilikuja kila Idi na gari la Kampuni, nikala kwake, nikashushiwa sahani ya kwanza.

Kifua chake hakikupona tangu siku ile. Alitibiwa hapa Garsen kwa vipindi kuanzia Februari 2022, akapungua, akaacha mkokoteni Oktoba 2024, na tarehe 1 Mei mwaka huu tukampeleka hospitali Malindi, ambako daktari alituambia kwamba mapafu yana makovu ya zamani, akauliza amewahi kufanya kazi na kemikali gani, Gumato akasema hajui, na mimi niliyejua nikatazama dirishani. Jumatatu tarehe 12 Mei, baada ya chakula cha mchana, Gumato ametoka kufua, alinishika mkono akaniuliza kwa sauti iliyobaki, "Issack, ile chupa ya pili, ulipima?" Nikasema nilipima. Akauliza, "Ikasoma?" Nikasema nyekundu, kaka, ishirini na nne. Akafumba macho, akapumua alivyoweza, akasema, "Basi sikukosea," kisha akaniomba maji ya kunywa. Nilitegemea anilaani, nilikuwa nimejiandaa kulaaniwa, lakini mtu huyu kwa miaka mitatu na nusu, akifukuzwa milangoni, alikuwa anataka kujua namba tu, na mimi nilikuwa nayo. Alifariki Jumatano tarehe 14 Mei 2025, saa kumi na mbili na robo asubuhi, akiwa na umri wa miaka hamsini kwa hesabu ya karani na hamsini na moja kwa hesabu ya mama.

Familia inatoa shukrani kwa madaktari na wauguzi wa Malindi waliomhudumia bila kumuuliza anatoka upande gani wa habari, kwa wazee wa Idsowe ambao hawakuwahi kuamini, kwa sababu walishamuona akikosea na akikiri wakajua anavyokuwa akikosea, na kwa majirani wawili, mnajijua, mlioendelea kununua maji yake na kuyanywa mbele ya watu. Wafanyakazi wenzake nawashukuru kwa jumla kwa kukaa kimya, kimya hicho kilinifaa sana, isipokuwa Metrine, ambaye alihamishiwa stoo ya magwanda kwa sababu alikataa kusahau, ambaye aliambiwa achome madaftari ya zamani akachoma yote ila moja, akalificha miaka hii yote akingoja nipate moyo, na Jumatano, tukitoka kuzika, akaniwekea mkononi akasema, "Sasa soma wewe." Ndilo hili. Ukurasa wa tarehe 9 Novemba una namba ya uongo, una saini yangu, na kando yake pana nafasi tupu ambapo mpimaji alipaswa kutia saini yake akakataa, na kati ya vyote vilivyoandikwa katika daftari hili lote, hiyo nafasi tupu ndiyo ninayoiamini. Nimeandika chini yake jana, kwa wino, mbili nukta nne mara kumi, na jina langu kamili na namba ya kitambulisho, na sasa namkabidhi mwenyekiti wa wavuvi wa Chara, pita mbele mzee, usimpe Injinia hata akikuomba kwa upole. Barua yangu ya kuacha kazi iko kule kwenye masufuria pamoja na vijitabu, nadhani imeshaungua, lakini nilikuwa nimetuma nakala.

Desturi yetu ni kwamba mwisho huulizwa, nani ana lake kwa marehemu, aseme, familia ibebe. Niliuliza hivyo juzi kaburini na hakuna aliyesimama, hata wale waliomwaga maji yake. Kwa hiyo leo nauliza kwa upande mwingine, ni nani ambaye marehemu anamdai, na sitangoja mtu ajitokeze, ni mimi, Issack Nuh, wa kwanza, na wengine mtajipanga nyuma yangu mkipata nafasi. Shemeji Gumato, Abdia, Nuh, sijui mtanifanyaje na sitawaambia mfanye nini. Nasteha, mwanangu, pale ulipoandika kwamba aliacha kazi, chukua kalamu urekebishe, andika kwamba baba yako alikuwa anafunga koki.

Dukicha, kaka yangu, mpimaji, lala, amani ya Mungu ikufunike. Chupa ya pili imesomwa mbele ya watu.